Somo la Wanachama: Nyumba na Majira ya Mwaka

Katika hesabu za mwisho wa mwaka za chama cha msingi upo mstari ambao wajumbe wengi huupita haraka unaposomwa kwenye mkutano mkuu. Mstari huo ni ule wa uchakavu. Katibu hutaja thamani ya ghala, hutaja kiasi kilichopunguzwa, na mkutano huendelea na ajenda nyingine. Lakini maana ya uchakavu ni rahisi kuliko jina lake. Jengo linaliwa. Linaliwa na jua, na mvua, na mchwa, na mikono inayofungua na kufunga milango yake; na sehemu iliyoliwa lazima ilipwe na mtu, ama leo kwa kidogo ama kesho kwa kingi. Somo hili linaichukua hesabu hiyo kutoka ghalani na kuipeleka nyumbani kwa mwanachama, kwa sababu baada ya shamba, nyumba ndiyo mali kubwa aliyo nayo mkulima, na ndiyo mali isiyoandikiwa daftari lolote.

Na ichukuliwe nyumba ya kawaida katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, yenye vyumba vinne, kuta za matofali na paa la mabati 40. Ikiwa mabati hayo yanatazamiwa kudumu miaka 20, basi kila mwaka nyumba hula mabati 2, hata kama hakuna tundu linaloonekana. Mwenye nyumba asiyeweka kando thamani ya mabati 2 kila mwaka asidhani kwamba amebana matumizi. Amekopa kwa paa lake mwenyewe, na paa halina desturi ya kudai kwa barua.

Ugumu wa jambo hili uko katika kalenda. Wakati mzuri wa kutengeneza paa ni kiangazi cha Januari na Februari, kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi. Lakini Januari ndio mwezi wa sare, madaftari na michango ya shule, na fedha za kahawa iliyovunwa kuanzia Julai mara nyingi zimekwisha kutumika au malipo ya pili hayajafika. Kwa hiyo paa huahirishwa wakati linapowezekana kutengenezwa, na hukumbukwa wakati lisipowezekana.

Mwanachama mmoja wa chama cha msingi katika miteremko hiyo aliyaona haya nyumbani mwake. Nyumba alirithi kwa baba yake. Wakati wa vuli maji yalianza kudondoka katika kona ya chumba cha watoto, na mkewe akaweka sufuria. Usiku mmoja mama huyo alimwambia, "Baba watoto, sufuria hii imejaa mara mbili tangu tulale." Akajibiwa, "Tutaliangalia, mama, kahawa ikilipwa." Mwezi wa Januari sufuria ilikuwa kavu, na jambo lisilolowesha mtu husahaulika upesi. Hakuna aliyepanda juu. Maji yale yalikuwa yakitembea juu ya mbao na kutua kwenye boriti iliyolala juu ya ukuta. Boriti ikaoza, mchwa wakaipata, na matofali mabichi yaliyo chini yake yakalainika. Katikati ya Aprili, usiku wa mvua kubwa, kona ile ilishuka na ukuta ukaangukia vitanda viwili. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao kwa sababu ya homa ya mdogo wao. Hakuna sababu nyingine iliyowaokoa.

Mwanachama huyo aliomba mkopo wa dharura. Wiki ile ile mwenzake aliomba mkopo kama huo kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akisubiri kupasuliwa hospitalini. Mfuko ulitosha ombi moja. Kamati ilikaa mpaka jioni, na maneno makali yakasemwa, kwani mwenye nyumba alikuwa mweka akiba wa miaka mingi kuliko mwenzake. Mwisho mkopo ulikwenda hospitalini, na kamati ilifanya sawa. Familia ile ililala jikoni mpaka malipo ya kwanza ya kahawa, na mtamba aliyetazamiwa kutoa maziwa mwaka uliofuata aliuzwa kwa bei ya mwenye shida. Fundi alipolifunua paa, aliokota msumari mmoja uliolegea, akampa mwenye nyumba na kusema, "Mzee, hiki ndicho kilichokula mtamba wako."

Basi na tuanze na msumari. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, kwa sababu maji hupita bondeni. Joto la mchana hulinyoosha bati na baridi ya usiku hulirudisha. Miaka ikipita, mwendo huo mdogo huung'oa msumari na kulipanua tundu. Mtu akipanda na nyundo na kuurudisha msumari katika tundu lile lile, hajatengeneza kitu. Yafaa aung'oe, akiweka kibao chini ya nyundo asilibonyeze bati, kisha aichunguze papi iliyo chini. Kama mti ungali mzima, apige msumari mrefu zaidi, au wa skrubu, wenye mpira wake. Kama mti umeoza, papi ibadilishwe. Tundu lililo mbali na papi huzibwa kwa kipande cha kitambaa kilicholoweshwa lami, juu ya bati lililosuguliwa kutu na kukauka. Wako wanaoziba kwa sabuni ya mche. Dawa hiyo hufaa mpaka mvua ya pili.

Kulitafuta tundu ni kazi ya mchana na ya watu wawili. Madirisha hufungwa, na aliye ndani huangalia nukta za mwanga. Akiiona nukta, huchomeka kijiti chembamba ili aliye juu akione. Ikumbukwe kwamba maji hayadondoki chini ya tundu lake daima. Huteremka na papi au kenchi kabla ya kuanguka, kwa hiyo tundu hutafutwa upande wa juu wa mteremko. Anayepanda apande asubuhi, bati likiwa kavu na kabla halijawa kama kikaango. Akanyage kwenye mistari ya misumari tu, ambako papi ziko, au alaze ubao. Na mtu wa tatu aishike ngazi.

Anayenunua mabati mapya ajue lugha ya geji. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 28 ni nene kuliko zote mbili. Wengi wamedhani wamepata bati imara kwa bei ndogo kwa sababu ya kuifuata namba. Yakisafirishwa katika mvua, yasiachwe yamelaliana, kwani maji yaliyonaswa kati yake huzaa unga mweupe unaoila zinki kabla bati halijapanda juu ya nyumba. Kwa upande wa majengo yaliyoezekwa zamani kwa vigae au mabamba ya asbesto, mwenye nyumba asiyakate, asiyatoboe wala kuyasugua, kwa kuwa vumbi lake huleta maradhi ya mapafu yanayojitokeza baada ya miaka mingi. Hiyo ni kazi ya kuombewa ushauri wa wataalamu.

Masika yakianza, kazi ya mwenye nyumba ni kuangalia maji yanakwenda wapi. Hapa hesabu ndogo ina faida. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa linalofunika mita 10 kwa 6 lina mita za mraba 60. Mvua ya milimita 40 hushusha juu yake lita 2,400, yaani madumu 120 ya lita 20. Pasipo mifereji ya bati, madumu yote hayo humwagwa katika mistari miwili ya ardhi iliyo karibu na msingi. Maji yakiruka hulowesha ukuta. Yakituama hulainisha udongo uliobeba nyumba. Mfereji na pipa huyageuza kuwa maji ya ng'ombe na ya kufulia. Asiyeweza mfereji mwaka huu aweze mtaro, uchimbwe mbali kidogo na ukuta, wenye mteremko wa kuyaondoa maji, na upenu urefushwe ufike angalau sentimita 60. Migomba iliyopandwa karibu na ukuta ina kivuli kizuri, lakini huuzuia ukuta kukauka, na majani yake huziba mifereji. Banda la ng'ombe lililoegemezwa ukutani ni vivyo hivyo: mkojo wenye chumvi hula lipu na matofali kutoka chini, na mwenye nyumba hulaumu saruji.

Ufa ukitokea ukutani, usizibwe siku hiyo. Nyufa nyembamba kama uzi katika lipu ni za ngozi tu. Ufa unaopanda kama ngazi ukifuata viungo vya matofali ni habari ya msingi. Njia ya kuujua ni kuchora kwa penseli mwisho wake, juu na chini, na kuandika tarehe ukutani. Kisha donge dogo la lipu huwekwa kuuvuka ufa. Donge likipasuka baada ya mwezi, nyumba ingali inatembea, na fedha za kwanza ziende kwenye maji na msingi, si kwenye rangi.

Katika masika mlango wa mbao huvimba na kukwama. Mwenye haraka huchukua randa, na ikifika Januari mlango una mwanya unaopitisha panya. Heri kupaka mshumaa au sabuni pale panapokwaruza, kupatia alama, na kusubiri kiangazi kuona kama kweli mbao inazidi.

Baada ya masika huja kipupwe chenye ukungu na baridi, Juni mpaka Agosti. Watu hufunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Jambo hili linaua. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala, na familia nzima inaweza kutoamka. Jiko libaki nje, na matundu ya hewa juu ya madirisha yasizibwe kwa matambara. Kwa kazi za ukuta, kipupwe si wakati wa rangi ya mafuta, kwa kuwa kuta zingali na maji ndani na rangi itabanduka. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani kwa gundi pande zote na kuachwa mpaka kesho yake, matone yakionekana ndani yake, ukuta bado haujakauka. Chokaa huvumilia unyevu zaidi.

Kati ya kipupwe na vuli ndipo kazi za saruji hupata nafasi. Mchanga upimwe kwanza: hutiwa katika chupa ya kioo pamoja na maji na chumvi kidogo, hutikiswa, na huachwa utulie kwa saa tatu. Tabaka la tope lililo juu likizidi sehemu moja katika kumi na mbili za mchanga, mchanga huo uoshwe. Maji yasizidishwe kwa ajili ya kumpunguzia fundi kazi ya mwiko, maana maji mengi hupunguza nguvu ya saruji. Na kazi iliyokwisha imwagiliwe maji siku 7. Ajabu ni kwamba mtu hununua mifuko mingi kwa taabu, kisha hushindwa kumtuma mtoto na ndoo. Ukuta wa udongo au wa matofali mabichi usipigwe lipu ngumu ya saruji. Lipu hiyo hupasuka, hunasa maji nyuma yake, na huanguka kwa mabamba. Udongo uliochanganywa na chokaa au samadi huambatana nao vizuri zaidi, ingawa huhitaji kurudiwa.

Umeme ni wa fundi mwenye leseni. Hapo akiba ya kujitengenezea haipo.

Kwa chama chenyewe yako mambo mawili ya kuamuliwa. La kwanza ni ununuzi wa pamoja. Wanachama 30 wanaohitaji misumari, mabati na saruji wakiagiza mara moja mwezi wa Desemba, nauli ya gari ni moja, na bei huzungumzwa na mtu mmoja mwenye fedha mkononi badala ya watu 30 wenye shida. Saruji ikifika ghalani ilazwe juu ya mbao, mbali na ukuta, itolewe upesi, wala isilale jirani ya kahawa. La pili ni akiba ya nyumba inayokatwa katika malipo ya kahawa, kwa hiari ya mwanachama na kwa maandishi. Makato hayo yawekwe katika akaunti ya mwanachama mwenyewe na yaonekane katika kitabu chake. Chama kitakachoyachanganya na fedha zake za uendeshaji, hata kwa nia njema ya kulipa mshahara wa karani kwa mwezi mmoja, kitakuwa kimezua fitina ambayo ukaguzi hautaimaliza. Vivyo hivyo uchakavu wa ghala: kuuandika katika mizania bila kuweka fedha kando ni kulitengeneza paa kwa wino.

Kwa majadiliano ya kikundi: paa la ghala la chama chenu lina urefu na upana gani, na mvua ya milimita 25 hushusha lita ngapi juu yake? Maji hayo huenda wapi hivi sasa? Mabati yake ni mangapi, yaliezekwa mwaka gani, na chama kimeweka kando thamani ya mabati mangapi tangu wakati huo? Na kamati iliyopokea maombi mawili wiki moja ingefanya nini kama mwenye nyumba angekuwa na akiba yake ya paa kitabuni? Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi na kuletwa kwenye mkutano kabla ya masika.