REA wamefika kitongojini: je, uuze mashine ya petroli?

Tangu nguzo zianze kuonekana kwenye vitongoji vyetu vya huku Kagoma, swali ninaloulizwa kila nikipita mashambani ni hilo hilo: "Afisa, REA wamefika, mashine ya petroli niuze nifunge mota?" Jibu langu ni kwamba usiuze kwanza. Pima, halafu ndiyo uamue.

Tuanze na REA wenyewe, maana wengi wanadhani ni jina la umeme wa bei rahisi. REA ni Wakala wa Nishati Vijijini, chombo cha serikali kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kikaanza kazi 2007. Kinasimamia Mfuko wa Nishati Vijijini, kinatafuta wakandarasi na kugharamia njia za umeme. Mkandarasi akimaliza, njia inakabidhiwa TANESCO. Kwa hiyo nguzo ikianguka, mita ikigoma au ukitaka kuongezewa laini, usimtafute REA, nenda TANESCO.

Na msiombe kama mnaomba msaada. Angalia meseji ya LUKU: kuna VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1 na REA asilimia 3. Hiyo ya mwisho ndiyo inaingia kwenye mfuko. Hata kwenye lita ya petroli unayoweka kwenye mashine yako kuna tozo inayokwenda huko. Mnachangia, basi mna haki ya kuuliza laini itapita wapi. Wakati mzuri wa kuuliza ni kabla mashimo hayajachimbwa, kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Waya ukishavutwa, kuusogeza ni gharama yako.

Sasa twende kwenye hesabu. Chukua mota ya farasi 2, yaani kama kilowati 1.5. Ikifanya kazi inakula karibu uniti 2 kwa saa. Kwa tarifa ya T1 uniti moja na makato yake ni kama shilingi 356, kwa hiyo saa moja ni takriban 712. Mashine ndogo ya petroli inayopandisha maji kiasi hicho hicho inakula kama lita moja kwa saa. Tuseme lita ni shilingi 3,000 (wewe weka bei ya kituo chako ya leo). Ukimwagilia saa 4 kwa siku, siku 60 za kiangazi, umeme ni uniti 480, kama 171,000. Petroli ni lita 240, yaani 720,000. Tofauti ni zaidi ya laki tano kwa msimu mmoja wa nyanya au kabichi. Hapo hujaweka oili, plagi, na bodaboda ya kufuata mafuta Muleba.

Kwa hesabu hiyo kila mtu angefunga mota kesho. Shida ni jiografia yetu. Huku kwetu kibanja kiko juu mgongoni, nyumba ziko kwenye kibanja, na nguzo inafuata nyumba. Maji yako chini bondeni, na kati yake kuna rweya, mita 200, 300, wakati mwingine nusu kilomita. Shilingi 27,000 ya kuunganishiwa vijijini ni ya umeme wa njia moja wa nyumba iliyo karibu na nguzo. Haikupeleki bondeni.

Hapo ndipo vijana wanapopoteza hela. Mtu anavuta waya mwenyewe kutoka kwenye mita ya nyumbani mpaka mtoni, tena waya wa milimita 2.5 kwa sababu ndio fundi alikuwa nao. Tupige hesabu: mota yetu inavuta kama ampea 10. Kwenye mita 300 za waya huo, kwenda na kurudi ni mita 600, unapoteza karibu volti 44 njiani. Umeme uliotoka nyumbani ukiwa 230 unafika kwenye mota ukiwa kama 186. Mota nyingi zinavumilia kushuka kwa asilimia 10 hivi, yaani mpaka kama volti 207. Chini ya hapo inaunguruma bila nguvu, inapata joto, na siku moja inaungua wakati nyanya ziko kwenye maua. Na hii nimechukulia nyumbani una 230 kamili. Saa mbili usiku pima uone.

Waya wa milimita 10 kwa umbali ule ule unapoteza kama volti 11 tu. Huo unafaa, lakini nenda dukani uulize bei ya mita 600 za waya wa shaba wa milimita 10 ndiyo urudi tuongee. Mara nyingi hela hiyo inatosha sola.

Ushauri wangu kwa aliye mbali na nguzo ni pampu ya sola isiyo na betri, inayosukuma mchana kutwa taratibu mpaka kwenye simtanki lililowekwa juu ya shamba, halafu maji yanashuka yenyewe kwenye mipira ya matone. Tanki ndiyo betri yako. Aliye ndani ya mita 100 afunge mota. Mkiwa wakulima watano au sita mnaopakana bondeni, andikeni barua moja TANESCO muombe laini ishushwe kwa pamoja, na mwombe njia tatu mapema, kwa sababu mota kubwa inataka njia tatu na si kila laini iliyoko kitongojini ni ya njia tatu. Kabla hujanunua mota yoyote, uliza laini yako ni ya njia ngapi. Kuna kijana wa huku ana mota nzuri ya njia tatu, inakaa stoo imefunikwa gunia la kahawa mwaka wa pili huu.

Jambo dogo la mita: usitumie ile ya nyumbani kumwagilia. Ile ya tarifa ya D1 ni kwa wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mota yetu inakula 240. Utahamishiwa T1 na mama atalipa taa kwa bei ya shamba. Omba mita ya pili, na kazi ya nyaya afanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

Sasa hili halipendwi, lakini nalisema. Nishati ina mlango wake na mazingira yana mlango wake, hakuna wakala mmoja wa yote. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na anayesimamia ni NEMC. Kuchota maji kwa pampu kwa ajili ya biashara kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Umeme wa bei rahisi unakufanya uchote zaidi. Vijito vinavyoingia Ngono vinapungua mwezi wa 7 na wa 8, mwezi ambao kila mtu amewasha mashine. Aliye chini yako naye ana miche. Tena shamba lililo ndani ya zile mita 60 likisimamishwa katikati ya msimu, mota, mipira na mbegu vyote umezika, na huna pa kulalamikia.

Chukua kamba wiki hii. Pima kutoka nguzo hadi maji, kutoka maji hadi sehemu ya juu ya shamba, na kutoka ukingo wa mto hadi mstari wa kwanza wa mazao. Andika namba tatu kwenye karatasi, uje nazo ofisi ya kata Jumanne au Alhamisi asubuhi, tuchague pampu pamoja.