SOMO LA USO: KUPIMA MBELE YA KUKATA

Wamama, ku kliniki munatuuliza mara nyingi juu ya watoto wenye uso ulioharibika. Wengine wamesikia kama huko ngambo kuna kompyuta, ile tunayoita ordinateri, yenye kutengeneza uso wa mtu. Je, ni kweli? Kompyuta haishoni uso. Inamsaidia munganga kupima mbele ya kukata. Tuangalie namna gani.

Fikiri fundi wa kushona. Ukimletea kikwembe chako kizuri, hakikati mara moja. Anakupima, anakata patroni ya karatasi, kisha ndipo anashika makasi. Akikosea karatasi, anaitupa. Akikosea kikwembe, kimekwisha. Na uso wa mtoto hauuzwi sokoni.

Waganga walijua jambo hili zamani. Wakati wa vita kubwa ya 1914–1918, munganga Harold Gillies alitengeneza nyuso za askari huko Uingereza, na tangu 1917 walikuwa na hospitali yao mahali paitwapo Sidcup. Walichora uso, wakaumimina kwa plasta, wakafikiri juu ya plasta ile kwanza. Kompyuta ilianza kuingia katika kazi hii karibu na mwaka 1980 na kidogo baadaye.

Leo inafanyika hivi. Mgonjwa analala ndani ya mashine ya skaneri. Haimkati, haimchomi. Inapiga picha nyingi za kichwa chake, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba sana. Kompyuta inapanga vipande vile tena mpaka mifupa yote ya kichwa inaonekana, na munganga anaweza kuigeuza huku na huku. Kama upande wa kushoto umeharibika, anachukua picha ya upande wa kuume ulio mzima, anaigeuza kama katika kioo, anaiweka juu ya ule mbaya. Mara moja anaona mfupa unaopunguka ni wa urefu gani. (Kwa kweli hakuna mtu mwenye pande mbili sawasawa kabisa. Jiangalie vizuri katika kioo, utaona. Lakini inatosha.)

Kisha kuna mashine ya kuchapa, si ile ya wino na karatasi. Hii inaweka plastiki tabaka juu ya tabaka mpaka taya la mgonjwa linasimama juu ya meza. Munganga anakunja chuma chake juu ya taya lile la plastiki, mgonjwa akingali macho kitandani. Anaweza kuchapa pia kipande kinachoonyesha msumeno mahali pa kupita. Kwa njia hii mgonjwa mara nyingi hakai usingizini muda mrefu.

Na mfupa wenyewe unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kando ya mfupa mkubwa wa muundi kuna mwingine mwembamba. Wanachukua sehemu yake pamoja na mishipa yake ya damu, wanaikata vipande viwili au vitatu ili ipinde kama taya, na wanashona mishipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mtu anatembea tena. Kazi hii inasaidia zaidi wakubwa: mwenye uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu, au aliyevunjwa taya kwa risasi. Kwa mtoto ni shida zaidi, juu mifupa yake ingali inakua.

Tena mama mwenye mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka asingojee mashine yoyote. Mdomo ule unashonwa bila kompyuta, mara nyingi mtoto akiwa na miezi 3 hivi na karibu kilo 5. Ku Goma, hospitali ya HEAL Africa imefanya kazi ya namna hii. Mbele ya kushika njia, uliza kwanza ku hospitali yenu kama barabara ni salama na kama waganga wako.

Sasa tuje ku ugonjwa unaotuumiza roho zaidi, ndio noma. Unakula uso wa mtoto mdogo, zaidi wa miaka 2 mpaka 6, aliyekonda kwa njaa au aliyetoka kuugua surua. Mwaka 2019 surua ilipita katika Kongo yote na kuua watu zaidi ya 6,000. Noma si uchawi, wala haimwambukizi mtoto mwingine, kwa hiyo usimfiche ndani ya nyumba. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ilikuwa ni wakati, tunasema sisi.

Inaanza ku fizi: nyekundu sana, zinatoka damu, mdomo unanuka. Kisha shavu linavimba. Siku chache tu, shavu linageuka jeusi na kutoboka. Bila dawa, karibu watoto 9 kati ya 10 wanakufa. Lakini akiletwa wakati ni fizi tu, dawa za kuua vijidudu, maji ya chumvi ya kusukutua na chakula vinaweza kuusimamisha, na hapo hakuna haja ya skaneri wala munganga wa mbali.

Mtoto aliyepona na kubaki na tundu hapasuliwi mara moja. Wanangoja miezi 6 mpaka mwaka 1, kovu litulie na mwili upate nguvu. Huko Sokoto, Nijeria, kuna hospitali ya noma tangu 1999, na hata huko wanamlisha mtoto vizuri mbele ya kumpasua. Kompyuta inapima mfupa, haipimi kama damu imepunguka katika mwili. Mpe sombe, samaki, karanga, maharagi na mafuta mekundu ya mawese. Tena taya lake lisiachwe kukauka. Kovu likikaza, mdomo haufunguki, mtoto hawezi kutafuna, na hata kumlaza usingizi wa operesheni ni hatari. Muuguzi atakuonyesha vijiti laini vya kufungua mdomo kidogo kidogo kila siku. Mtoto atalia. Endelea tu.

Maulizo ya kuzungumza pamoja: Juu ya nini munganga anapima mbele ya kukata? Mtoto gani anashonwa bila kungojea kompyuta? Umeangalia fizi za mtoto wako mara ya mwisho siku gani?