Wageni wa wiki ya kwanza

*Niko likizo nyumbani Mutuka, Babati. Narudi chuoni Dodoma mwaka wa tatu, nikiwa kiongozi wa ushirika wetu wa Kikristo. Mwaka jana wapya walijaa ibada ya ukaribisho. Wiki ya tatu hatukuwaona. Tunakosea wapi?*
*Msomaji, Mutuka*

Mwanangu, unaona kama wamewakimbia. Mara nyingi sivyo: wiki ya tatu bumu (pesa ya mkopo) bado, vipindi vimebana, na wengine wameshapata kwao katika vyama vingine vya wanafunzi Wakristo kama TAFES, USCF, CASFETA au TMCS. Hao waacheni kwa amani.

Ila kwa waliobaki, kuwaunga kwenye kundi la WhatsApp si malezi. Mgeni anataka mtu mmoja anayelijua jina lake. Kabla ya usajili gawaneni: kila mwenyeji achukue wapya wawili, wa ndaki yake ikiwezekana. Awaonyeshe foleni ya usajili, mama lishe wa bei nafuu, halafu ndiyo ibada. Kwa mpangilio huohuo, hata kama wazee wa maombi watanuna.

Akitokea asiyekula, asiyelala, au anayesema amechoka kuishi, msiishie kwenye maombi. Msimwache peke yake. Mfikisheni kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali siku hiyohiyo.