Bonasi ya Chai Ikiingia, Mtoto Wako Anaona Nini?

Ukiwa Othaya, Tetu au zile pande za Ragati kule Mathira, huna haja ya kuuliza kama bonasi ya majani chai imeingia. Mabati yanabebwa, nduthi hazikosi abiria, na buchani nyama inaisha kabla ya saa kumi. Lakini pesa yenyewe hakuna aliyeiona. Iliingia benki au kwenye simu, ujumbe ukalia, baba akausoma akiwa amesimama, akarudisha simu mfukoni.

Hapo ndipo tungependa kuongea nawe mzazi, hasa wewe baba. Kazi yetu sisi ni malipo ya simu, na tunafurahi kwamba mkulima hahitaji tena kuficha noti ndani ya koti kutoka tao hadi nyumbani. Ila kuna kitu ambacho simu imekiondoa nyumbani bila mtu yeyote kukusudia: mtoto haoni tena pesa ikihesabiwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka M-Pesa ilipoanza Kenya, 2007, ameshafika umri wa kuchukua kitambulisho. Maisha yake yote ameona matumizi tu. Mkate umeletwa, karo imelipwa, au baba amenuna na hakuna anayeuliza kwa nini. Pale katikati, hajui kulitokea nini.

Somo la mbuzi

Wazee wa Gikuyu walikuwa na somo la mali ambalo halikuhitaji daftari. Jomo Kenyatta alilieleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938. Mvulana alifundishwa kuwajua wanyama wa kwao mmoja mmoja, kwa rangi, kwa ukubwa, kwa pembe. Halafu akajaribiwa: makundi mawili matatu yanachanganywa, anaambiwa awatenge wa kwao. Au wanafichwa wachache, kisha anaitwa aangalie aseme ni nani hayupo.

Angalia vile somo lenyewe lilivyopangwa. Mtoto hakuhubiriwa kutunza mali. Alionyeshwa mali yote, akapewa kazi ya kugundua kilichopungua. Na tangu siku hiyo baba naye hangeweza kumtoa mbuzi kimyakimya, maana kulikuwa na macho mengine yanayomjua yule mbuzi. Tunadhani hiyo sehemu ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inafanya wazazi wengi leo waseme "hayo ni mambo ya watu wazima."

Sasa zizi liko ndani ya simu. Kwa hivyo chukua taarifa ya mwezi mmoja ya laini yako, unaweza kuiomba kwenye programu au kupitia *334# kama unatumia M-Pesa, na ukae nayo na mtoto wa miaka kumi na miwili hivi kwenda juu. Binti pia, si kijana peke yake. Na mama awepo. Nyumba nyingi hapa kwetu wanaochuma ni mama na watoto, halafu namba ya mkulima iko kwa jina la baba. Ni vizuri waliochuma waone kilo zao zimefika wapi.

Mpe mtoto kalamu. Kila mstari autie kwenye fungu: chakula, shule, shamba, chama, na fungu la "hatujui." Hilo la mwisho msiliogope, ndilo lenye mbuzi waliofichwa. Mara nyingi mtakuta ada. Kwa mfano, kwenye M-Pesa ada ya kutoa pesa kwa ejenti ni ile ile kwa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500. Baba aliyetoa 500 mara nne wiki hiyo amelipa ada mara nne, na angetoa 2,000 mara moja angelipa mara moja. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, hutamkumbusha tena.

Itakuwepo pia mistari ambayo hungependa isomwe kwa sauti. Ya kubeti, ya baa, ya mkopo ambao mama hajui. Hatuwezi kukwambia ufanye nini na hiyo. Tunasema tu kwamba mtoto wa sekondari hujua kusoma neno Fuliza, na pengine alishaliona kwenye simu yako ulipomtuma akanunue sukari.

Kutoka Oktoba hadi Januari

Mkulima wa KTDA hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu malipo ya pili, ile bonasi, huja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi Juni. Kwa kawaida bonasi hufika karibu na Oktoba. Shule hufunguliwa Januari. Katikati kuna Krismasi, harusi za Desemba na shemeji kutoka Nairobi. (Wa kahawa husubiri hata zaidi, maana malipo ya chama cha ushirika huja mara chache kwa mwaka, lakini hesabu ni ile ile.)

Tuseme nyumba imepeleka kilo 3,000 kwa mwaka na bonasi ni shilingi 40 kwa kilo. Hiyo ni 120,000. Tuseme pia kijana yuko shule ya bweni ya kitaifa, ambako karo iliyowekwa na serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka na nusu yake hulipwa muhula wa kwanza. Nusu hiyo ni 26,777. Usimfanyie mtoto hesabu hii. Mpe karatasi.

Kisha mwulize: hizi 26,777 zikikaa laini moja na pesa ya sukari na nauli, zitafika Januari? Anajua jibu, ameishi hapo. Kwa hivyo siku bonasi inaingia, siku hiyo hiyo zihamishwe mahali ambapo huwezi kuzifikia kirahisi: akiba iliyofungwa hadi tarehe fulani, SACCO, au moja kwa moja kwa shule kama inapokea mapema. Mtoto awepo zikihama.

Zisipohama, kuna mkopo wa simu. Ukikopa 26,777 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, mwezi mmoja utakugharimu kama shilingi 2,008. Ukiuburuta miezi mitatu kwa ada hiyo hiyo, ni zaidi ya 6,000. Kwa mtoto namba hizi ni hewa tu mpaka uzirudishe shambani: shilingi 2,008 ni bonasi ya kilo 50 za majani. Mtoto aliyewahi kubeba kikapu asubuhi yenye umande anajua kilo 50 ni nini.

Siku ya kulipa

Januari ikifika, mwachie yeye aandike namba ya paybill na namba ya akaunti, asome kiasi kwa sauti, asome pia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Wewe weka namba ya siri, na usimpe. Si kwamba humwamini. Ni kwamba namba ya siri ina mtu mmoja, na afadhali alijue hilo kabla hajapata laini yake.

Akiwa hapo hapo mwonyeshe ujumbe wa matapeli, ule wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Asiamini ujumbe, aangalie salio. Kama salio halijasonga, hakuna pesa iliyoingia, hata kama anayepiga simu analia. Na kama ni nyinyi mmetuma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi, msianze kumpigia na kubishana naye. Tumeni ule ujumbe wa malipo kama ulivyo kwa 456, mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa.