SOMO LA UFUNDI: Namba ya Hitilafu Husema Nini?



Somo letu la safari hii linatoka jikoni, lakini linamhusu kila mtu anayeshinda na mashine. Wengi wetu hatuna mashine ya kuoshea vyombo nyumbani. Hata hivyo, watoto wetu na dada zetu wanafanya kazi katika nyumba na hoteli zenye mashine hizo, na ikisimama, wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Mwanachama mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai nchini Uganda, alipigiwa simu usiku na binti yake anayefanya kazi katika nyumba ya mtu huko Kampala.

"Baba, mashine ya vyombo imesimama. Imeandika E15, na inanguruma bila kunyamaza. Mama mwenye nyumba anasema nimeiharibu, na fedha ya mashine nyingine itakatwa katika mshahara wangu."

"Tulia, mwanangu. Funga koki ya maji, zima umeme, chomoa plagi. Usiguse kingine. Kesho tutatazama pamoja."

Mzee huyu hakuwahi kumiliki mashine ya namna hiyo. Alijua jambo moja tu kutokana na kazi yake: namba inayotokea kwenye mashine hueleza kile mashine ilichokiona. Haielezi sababu yake, wala haitaji mwenye kosa. Sababu hutafutwa na mtu, hatua kwa hatua.

KWANZA, TAFUTA MAANA YA NAMBA

Kila mtengenezaji ana namba zake. Maji yakikataa kutoka, mashine nyingi za Bosch huandika E24, za LG huandika OE, na za Samsung huandika 5C au 5E. Ni hitilafu moja yenye majina matatu. Kwa hiyo usitumie maana ya namba ya mashine moja kwa mashine ya kampuni nyingine. Soma kitabu kilichokuja na mashine. Kama kimepotea, tazama kibandiko kwenye ukingo wa mlango, uandike namba ya aina ya mashine, ndipo uulize.

Kabla ya kuifuta namba, iandike pamoja na saa, na kazi ambayo mashine ilikuwa ikifanya: kuingiza maji, kuosha, au kutoa maji. Mtu anayezima na kuwasha mara kumi ili namba ipotee hajatengeneza kitu. Amefuta ushahidi tu.

PILI, ELEWA MASHINE ILIVYOONA

Tuchukue E15 ya mashine za Bosch. Chini kabisa ya mashine, nje ya chumba cha kuoshea, kuna sinia la kukinga maji. Ndani ya sinia kuna boya jepesi. Sinia likiwa kavu, boya limelala. Maji yakiingia, boya huelea na kubonyeza swichi. Hapo mashine hukata maji yanayoingia na kuendesha pampu ya kutoa maji mfululizo, ili nyumba isifurike. Ndiyo sababu binti alisikia mngurumo usiokoma.

Basi E15 husema: "Kuna maji kwenye sinia." Haisemi yametoka wapi. Yaweza kutoka kwenye mpira uliolegea, kwenye raba ya mlango iliyochakaa, kwenye pampu inayovuja, au yakawa povu lililofurika.

TATU, ANZA NA SABABU NYEPESI

Umeme ukiwa umechomolewa na koki imefungwa, fungua kibao cha mbele chini, ambacho mara nyingi hushikwa na skrubu. Kausha sinia kwa sponji na matambara mpaka boya lilale. Mashine ni nzito. Usiiinamishe peke yako.

Sasa tazama maji uliyoyatoa. Yana povu? Binti alipoulizwa, alisema sabuni maalumu ya mashine ilikwisha wiki ile, akaambiwa atumie sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Sabuni hiyo hutoa povu jingi. Ndani ya mashine maji hurushwa kwa nguvu, povu huongezeka, hupita penye mlango na kushuka kwenye sinia.

Jaribio lake ni rahisi. Ondoa povu lote ndani, kausha sinia, kisha endesha mashine bila vyombo na bila sabuni yoyote. Namba isiporudi, na sinia likabaki kavu, sababu ilikuwa povu. Ikirudi, kuna mahali panapovuja: chomoa umeme tena, umulike kwa tochi kwenye maungio ya mipira na chini ya mlango. Hapo ndipo unapojua kama ni kukaza kibano au kuita fundi.

NAMBA NYINGINE YA KAWAIDA: MAJI HAYATOKI

Kwa E24 ya Bosch, usikimbilie kununua pampu. Chomoa umeme, kisha fuata utaratibu huu:

1. Teka maji yaliyobaki kwa kikombe na sponji.
2. Toa chujio lililo sakafuni mwa chumba cha kuoshea, ulioshe kwa brashi. Mabaki ya chakula na mafuta huziba hapo.
3. Chini ya chujio kuna kifuniko cha pampu. Kiondoe, utazame kama kuna kipande cha glasi, mbegu au mfupa. Vaa glavu, vipande vya glasi hukata vidole.
4. Rudisha kifuniko mpaka usikie kimekamata. Kikikaa vibaya, mashine yaweza kukataa tena.
5. Tazama mpira wa kutolea maji nyuma ya mashine. Umekunjwa au umebanwa na kabati?
6. Tazama bomba lililopinda chini ya sinki. Likiziba, maji ya mashine hayana pa kupita.

Fanya hatua moja, jaribu, ndipo uende kwenye nyingine. Ukifanya zote kwa mara moja, mashine yaweza kupona lakini hutajua ilikuwa inaumwa nini.

MAMBO TUSIYOFANYA

Hatufungi boya kwa kamba wala kuunganisha nyaya za swichi yake ili mashine ikubali kuwaka. Kiwandani tunajua matokeo ya kuondoa kinga ya mkanda wa mashine ili kazi iende haraka. Vilevile hatugusi kichemsha maji wala nyaya za ndani. Maji na umeme havina huruma. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea.

NNE, HAKI YA MSHAHARA

Jaribio lilipofanywa katika nyumba ile, namba haikurudi. Mwajiri aliona mwenyewe, na maneno ya kukata mshahara yakaisha. Yule binti hakuokolewa na ubishi. Aliokolewa na kumbukumbu na jaribio.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato ya mshahara yafanyike tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria au makubaliano. Kwa mfano, kwa jirani zetu wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu makato ya hasara mpaka iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ulizeni katika tawi lenu sheria ya nchi yenu inasemaje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mashine unayoifanyia kazi huonyesha namba au taa gani ikisimama? Nani kati yenu anajua maana yake?
2. Kuna daftari la kuandika hitilafu kwa kila zamu? Kama hakuna, tutaanzishaje?
3. Mwenzetu amelaumiwa kwa mashine iliyoharibika. Tuulize maswali gani kabla ya kukubali kwamba kosa ni lake?