Mwanga wa Mtaani: Kujifunza Kupiga Picha Bila Kutoka Magomeni

Jua la Dar es Salaam halimsubiri mtu. Mwaka mzima linachomoza kati ya saa 12 kasoro dakika chache na saa 12:40 asubuhi, na kwa kuwa mji uko nyuzi 7 hivi tu kusini mwa Ikweta, linapanda karibu wima. Tangu lichomoze hadi lifike nyuzi 6 juu ya upeo wa macho, pale rangi yake ya dhahabu inapoanza kufifia, zinapita dakika 25 hivi. London mwezi Juni mwendo huohuo huchukua karibu dakika 50. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa huko kaskazini, nao wanazungumzia mwanga wa asubuhi kana kwamba una nafasi ya kutosha kunywa chai kwanza. Kijana wa mtaa wa Magomeni hapa Dar anayevifuata, akapanda daladala kwenda ufuko wa Coco Beach kuutafuta mwanga huo, atafika jua limeshakuwa kali.

Ndiyo maana nashikilia kwamba anayeanza kupiga picha aanzie nyumbani kwao. Mwanga mzuri wa pwani ni mfupi, na anayeupata ni yule ambaye mlango wake uko hatua chache tu kutoka pale unapoangukia. Ipo na sababu ya pili, ambayo kwangu ina uzito zaidi. Mahali pakiwa palepale, ukuta uleule, kibaraza kilekile, mwembe uleule, vinavyobadilika ni mwanga na mpangilio wa kamera tu. Picha ya leo ikitofautiana na ya jana, sababu inaonekana. Anayehama mahali kila siku hana njia ya kujua kama picha imependeza kwa ustadi wake au kwa uzuri wa mandhari.

Mabingwa kadhaa walipita njia hiyo. Seydou Keïta wa Bamako, fundi seremala, alipewa na mjomba wake kamera ndogo ya Kodak Brownie mwaka 1935. Baadaye, alipofungua studio yake mwaka 1948, wateja wengi aliwapigia uani, kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Josef Sudek wa Prague, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipiga picha za dirisha la studio yake kuanzia 1940 hadi 1954: kioo chenye umande, tawi la mti nje, glasi ya maji. Na Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 ziliitikisa dunia, alikulia hapahapa Dar es Salaam na alianza akiwa mtoto wa shule, na kamera ya Box Brownie iliyokwishatumika.

Basi, asubuhi ya Magomeni. Mpiga picha anayeanza ana kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 50, au ana simu tu. Simu inatosha kwa sehemu kubwa ya mafunzo haya, ila aifute lenzi kwanza kwa kitambaa safi, maana mafuta ya vidole yanaitia picha ukungu ambao hauondoki kwa kuhariri. Kwenye kona ya mtaa mama anakaanga vitumbua. Moshi wa mkaa unapanda, wanafunzi waliovaa sare wamesimama na sarafu mkononi, na jua liko chini upande wa pili wa barabara.

Kabla ya kamera, salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama. Naomba vitumbua vitano. Halafu nilikuwa naomba nikupige picha ukiwa kazini, najifunza."

"Mimi na moshi huu? Haya, ngoja nifunge kilemba vizuri."

Kule kufunga kilemba nako ni picha, tena mara nyingi ni nzuri kuliko ile anayojipanga kuitoa. Aliyeomba ruhusa vizuri anaweza kukaa pale mpaka mama amsahau na kuendelea na kazi yake, na hapo ndipo kazi ya mpiga picha inapoanza. Akisimama jua likiwa mgongoni mwake, anaona kila kitu: rangi ya khanga, mafuta yanayochemka, mikono. Akizunguka upande wa pili, jua likawa nyuma ya mama, moshi uliokuwa kijivu unawaka wote, lakini uso unaingia gizani. Sasa lazima achague. Akiuacha uso uwe mweusi, anabaki na umbo la mtu na moshi unaong'aa. Akiongeza mwanga hatua moja, uso unarudi na anga la nyuma linaungua. Hakuna jibu moja sahihi. Kinachotakiwa ni apige zote mbili asubuhi hiyohiyo, akisogea hatua mbili kushoto, akipiga magoti, akikaribia. Kusogea kwa miguu kunamfundisha kuliko kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo cha simu, ambako mara nyingi kunapunguza tu ubora.

Kufikia saa 1:15 au saa moja na nusu asubuhi, kutegemea mwezi, vivuli vimeanza kuwa vikali. Wengi hufunga begi hapo na kurudi ndani hadi jioni. Naona wanapoteza darasa kubwa.

Mchana wa Dar ni mgumu kwelikweli. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu katikati ya Oktoba, jua la saa sita na dakika kadhaa husimama utosini kabisa, kivuli cha mtu kikamwangukia miguuni. Uso ukipigwa picha juani wakati huo, macho yanakuwa mashimo meusi na pua inang'aa. Dawa iko kwenye nyumba yenyewe. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala zina kibaraza mbele, na mtu akikaa pale karibu na ukingo, amepata kivuli kilicho wazi upande wa mbele. Mwanga unamfikia kutoka angani na kutoka ardhini. Kama mbele ya nyumba pana mchanga mweupe, mchanga huo unarudisha mwanga juu na kuujaza uso, kuanzia kidevuni hadi kwenye macho. Uani pasipo na mchanga, shuka jeupe likitandikwa chini linafanya kazi hiyohiyo. Wazee wanaocheza bao kibarazani saa saba mchana wanaweza kupigwa picha nzuri kuliko bahari ya saa kumi na mbili jioni, maana kuna nyuso, mikono, kete, na ubishi.

Kibarazani ndipo pia mahali pa kujifunza jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote kwa mpiga picha wa Kiafrika: kupima mwanga wa ngozi nyeusi. Kipimo kilicho ndani ya kamera hakijui kinamtazama nani. Kimetengenezwa kukadiria kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, ukuta unakuwa kijivu na uso wa mtu unapotea. Akisimama dada aliyevaa buibui jeusi kwenye mlango wenye giza, kamera inafanya kinyume: inaongeza mno, na uso unapauka.

Historia nayo imechangia tatizo hili. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi huko Marekani zilisawazisha mashine zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya kawaida, na waliobaki walitoka walivyotoka. Kamera za leo zimeboreshwa sana, lakini uamuzi wa mwisho ni wa aliyeishika.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Ndugu au jirani akae mbele ya ukuta mweupe, kivulini. Mpiga picha abonyeze kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, apige picha moja bila kubadilisha kitu, ya pili kwa kuongeza hatua moja, ya tatu hatua mbili, na ya nne kwa kupunguza moja. Kwenye simu aguse uso kwenye kioo, kisha avute alama ya jua juu au chini. Halafu arudie mbele ya mlango wenye giza. Picha hizo azitazame pamoja na yule aliyepigwa, amuulize ni ipi inayofanana naye. Jibu la mwenye uso lina thamani kubwa. Yeye ndiye anayejua rangi yake.

Katika somo la mwendo, Magomeni imejaliwa kupita mitaa mingi. Barabara ya Morogoro inapita pale, na tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita kwenye njia yake maalumu, huku bodaboda na bajaji zikijaza pembeni. Mpiga picha asimame mahali salama nje ya barabara, aweke kasi ya shata sekunde 1/30, na aifuate bodaboda kwa kuzungusha kiuno taratibu huku akibonyeza bila kusimamisha mzunguko. Ikifaulu, dereva anatoka wazi na maduka ya nyuma yanakuwa mistari ya rangi. Picha nyingi zitaharibika, na hiyo ni kawaida kwa kila mtu anayejaribu mbinu hii. Kisha abadilishe hadi 1/1000: matone ya maji ya dimbwi lililokanyagwa na tairi yanaganda hewani. Mkono wa mcheza bao unahitaji kama 1/250 ili kete zionekane. Kwa 1/30 mkono unakuwa kivuli kinachopita, na wakati mwingine hicho ndicho kinachosema kwamba mchezo ulikuwa wa moto.

Namba za tundu la lenzi huwatisha wengi bure. Kutoka 2 kwenda 2.8, kwenda 4, 5.6, 8, 11 hadi 16, kila hatua inapunguza nusu ya mwanga unaoingia. Kila nusu inayopotea hulipwa kwa kufungua shata kwa mara mbili ya muda wa awali, au kwa kupandisha mara mbili ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kamera zote zinazunguka katika hesabu hiyo. Juani bila mawingu, tundu likiwa 16 na ISO 100, shata ya takriban 1/100 inatoa picha sahihi. Kanuni hii ilitumiwa na wapiga picha wa filamu kabla vipimo havijaingia ndani ya kamera, na bado inafaa kwa kujipima.

Kuhusu watu, mtaa una kumbukumbu ndefu. Anayepiga picha za wenzake kwa kuwavizia hujulikana ndani ya wiki, na milango inafungwa. Watoto wasipigwe picha bila mzazi au mlezi kujua, hata wao wenyewe wakipiga kelele za "tupige, tupige!" Misiba na ugomvi aviache. Kambi za jeshi na vituo vya polisi asivielekezee kamera kabisa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu si kitu cha kurushwa mtandaoni ovyo. Ahadi ya kurudisha picha nayo itimizwe. Mama wa vitumbua apelekewe picha iliyochapishwa, ya sentimita 10 kwa 15, maana ya kwenye simu hupotea simu inapobadilishwa, na ya karatasi hubandikwa ukutani ikaonwa na kila mgeni. Hakuna barua ya utambulisho inayomfungulia mpiga picha njia mtaani kuliko hiyo.

Usiku, picha zikiwa zimehamishiwa kwenye kompyuta au zikitazamwa palepale kwenye simu, kuna saa moja ya kazi ambayo wengi wanairuka. Kila faili linabeba kumbukumbu ya kasi ya shata, tundu na ISO iliyotumika. Anayeanza achague chache tu, asome namba hizo, na aandike kwenye daftari: mahali, saa, jua lilikuwa upande gani, alitaka nini, amepata nini. Baada ya masika moja na kiangazi kimoja daftari hilo linakuwa ramani ya mwanga wa mtaa mzima. Litamwonyesha ukuta upi unapata jua la jioni mwezi Julai, na uchochoro upi una mwanga laini siku za mawingu ya Aprili.

Kununua lenzi mpya kunaweza kusubiri. Fedha za kwanza ziende kwenye memori kadi ya pili, betri ya pili, na boksi la plastiki linalofunga vizuri. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukishashika vioo vya ndani kuusafisha ni gharama. Vile vifuko vidogo vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Viwekwe humo pamoja na kamera, na vibadilishwe mara kwa mara. Anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi aiache kamera ndani ya begi kwa muda hadi ipate joto la nje, la sivyo kioo kitajaa mvuke na dakika 25 za asubuhi zitaisha akifuta.

Mkono ukishazoea, soko la samaki la Feri liko umbali wa safari moja ya mwendokasi hadi Kivukoni. Pale kuna kila alichojifunza kwa wakati mmoja: moshi wa wakaangaji, jua linalopenya kutoka pembeni, mizani, mikono inayokimbia, nyuso nyeusi chini ya paa lenye kivuli. Aende alfajiri, aombe ruhusa kwa uongozi wa soko na kisha kwa kila anayemkaribia, avae viatu vya kukanyaga maji, na afute chumvi kwenye kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo mara tu atakaporudi.