Kumbukumbu ya Mashujaa Katika Kiwanja cha Umma

Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolibebea jeshi la Waingereza chakula na risasi katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi.

Mwendo mfupi kutoka sokoni, katika makutano ya Samora na Azikiwe, amesimama Askari wa shaba mwenye bunduki na singe tangu mwaka 1927. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yanawataja wapagazi pia. Lakini aliyechongwa ni askari peke yake. Nairobi, katika sanamu kama hiyo, mpagazi alipewa nafasi yake. Na kabla ya Askari, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Katika mara zote mbili wenyeji hawakuulizwa.

Ndiyo maana wakazi wanaotaka kuwajengea mashujaa kumbukumbu huanza na swali la nani atakumbukwa, kisha ndipo huja swali la kiwanja. Wazo hujadiliwa katika mkutano wa mtaa na kupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya kufika Halmashauri. Iwapo matumizi ya ardhi yatabadilika, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hufuatwa. Viwanja vya wazi katikati ya jiji ni vichache, na watoto huvichezea. Mchoro wa kumbukumbu uoneshe pia mahali watakapobaki wakicheza, na nani atakayepafagia.